Kilo Moja Juu ya Bahari Yetu

Mama yangu alizaliwa Mambrui, Aprili 1964. Tarehe kamili hatuna. Kitambulisho chake kinasema Januari mosi, kama vitambulisho vya watu wengi wa rika lake, lakini nyanya alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa wiki ile Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Alikumbuka redio ya jirani ikitangaza habari hizo naye amelala ndani, mtoto hata jina hajapewa. Muungano ulikuwa tarehe 26. Kwa hiyo nyumbani tumekubaliana kwamba Mama ni wa kati ya tarehe 19 na 26.

Tarehe 21, katikati ya wiki hiyo hiyo, setilaiti ya jeshi la wanamaji la Marekani ilirushwa kutoka California. Ilishindwa kufika kwenye mzunguko wake, ikarudi chini, na ikateketea juu ya Bahari Hindi, upande wetu huu wa magharibi, kaskazini mwa Madagaska. Ndani yake mlikuwa na karibu kilo moja ya plutoniamu.

Nilikutana na habari hii usiku mmoja nikiwa Umoja, stima imepotea tangu saa moja, simu imebaki na asilimia 18. Sikuwa natafuta plutoniamu. Nilikuwa nimejiuliza swali la mtu aliyekaa gizani: hizi setilaiti zinazopita juu yetu, zenyewe hupata umeme wapi? Jibu la kwanza ni rahisi, paneli za sola. Jibu la pili ndilo lililonikosesha usingizi, maana lilikuwa na tarehe ya kuzaliwa kwa mamangu ndani yake.

*

Nikiri mapema kosa nililotaka kufanya. Mwaka 2011 Mama alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Alipona, na leo kovu lenyewe halionekani ila ukiambiwa. Lakini usiku ule, na ile asilimia 18, akili yangu iliunganisha mambo mawili haraka kuliko nilivyoweza kuizuia. Plutoniamu juu ya bahari, mtoto mchanga Mambrui, uvimbe miaka 47 baadaye. Nilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Nilikuwa hata na mshtakiwa.

Tatizo ni kwamba haikuwa kweli. Plutoniamu ile haikuanguka kama jiwe kwenye shamba la mtu. Iliungua juu sana, mahali ndege za abiria hazifiki, ikawa vumbi laini mno. Wanasayansi walilifuata vumbi hilo kwa maputo ya kupima hewa ya juu, kisha kwa kupima udongo wa nchi mbalimbali. Lilikaa angani miaka, likisukumwa na pepo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 70 sehemu kubwa ilikuwa imeshatua, imetawanyika dunia nzima, nyingi zaidi ikiwa kusini mwa ikweta. Mgao wa mtu mmoja ulikuwa mdogo mno. Tena plutoniamu ikivutwa puani hukaa kwenye mapafu, huhamia mifupani na kwenye ini. Tezi ya shingo si makao yake.

Kwa hiyo nilibaki na hasira isiyo na mgonjwa. Nilimpigia Mama asubuhi hata hivyo. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ukimweleza kitu huku hujakielewa, atakuuliza swali dogo tu uaibike. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sasa wataka kunambia nini, mwanangu? Kwamba nilizaliwa na vumbi?”

“La, Mama. Nataka tu ujue.”

“Haya. Na hao wenyewe, walipokirusha hicho kidude, walijua chaweza kuanguka?”

Nikamwambia walijua. Wahandisi walikuwa wamekiunda kwa makusudi kiungue na kusambaa hewani kikirudi, kwa sababu waliona vumbi lililosambaa ni afadhali kuliko donge moja lililoangukia kijiji.

“Walimwambia nani?”

Sikuwa na jibu. Kenya ilikuwa na uhuru wa miezi minne. Nimesoma historia ya mitambo hii tangu siku hiyo, na swali la Mama limenisaidia kuielewa kuliko vitabu kadhaa.

*

Kilichoungua mwaka 1964 hakikuwa kinu cha nyuklia. Tuelewane hapo, kwa sababu watu huchanganya.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kama betri. Unachukua plutoniamu-238, ambayo hutoa joto yenyewe usiku na mchana bila kuombwa, unaizungushia vipande vya metali maalumu ambavyo vikiwa moto upande mmoja na baridi upande wa pili huzalisha umeme. Haina swichi. Nguvu yake hupungua polepole, nusu kila baada ya miaka 88 hivi. Ile ya 1964 iliitwa SNAP-9A na ilitoa wati 25 tu, haitoshi hata taa nzuri ya zamani ya sebuleni. Kwa betri ya aina hii hatari inaanza siku ya kwanza, maana plutoniamu ni kali tangu inapowekwa ndani.

Njia ya pili ni kinu chenyewe. Hapa unatumia urani-235. Kiini cha urani kikigongwa na nyutroni hupasuka, hutoa joto, na hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu ambazo zikigonga viini vingine, kazi inaendelea. Fikiria udaku kwenye ploti. Kila anayesikia anawaambia wawili. Watu wakikaa karibu karibu, udaku haufi. Wakitawanyika, maneno yanapotelea nje ya geti na mambo yanatulia. Kazi ya mhandisi ni kuupanga huo umati: vijiti vya urani hapa, vioo vya kurudisha nyutroni pale, na namna ya kuvisogeza vioo hivyo ili udaku uwake au uzimike.

Na hapa ndipo kinu kinapokuwa na ubora ambao betri haina. Urani ambayo haijawahi kuwashwa ina mionzi hafifu sana. Uchafu wa hatari huzaliwa baada ya kinu kuwaka, wakati viini vimeshapasuka. Kwa hiyo unaweza kukirusha kikiwa kimezimwa, na ukiwashe kikiwa kimeshafika juu. Roketi ikifeli njiani, kinachoanguka baharini ni chuma na urani ambayo haijatumika. Baada ya Aprili 1964, kanuni hiyo ya kurusha kikiwa baridi ikawa na uzito mpya. Na betri zenyewe zilibadilishwa: badala ya kuungua na kusambaa, zikaanza kuundwa zihimili joto la kurudi duniani zikiwa nzima. Mwaka 1968 setilaiti moja ya hali ya hewa iliharibikiwa ikirushwa California, betri yake ikaopolewa kutoka chini ya bahari ikiwa salama, na plutoniamu yake ikatumika tena.

Kumbe kilo moja juu ya bahari yetu ilibadilisha usanifu. Si haba. Ila hakuna aliyekuja kutuambia hilo pia.

*

Tarehe 3 Aprili 1965, mwaka mmoja kasoro siku chache, Marekani ikarusha kinu chenyewe. SNAP-10A. Mpaka leo ninapoandika, ndicho kinu pekee cha kupasua viini ambacho nchi hiyo inajulikana kukiendesha angani.

Kukiunda kulikuwa na mtihani ambao mimi binafsi ulinishangaza. Nilidhani tabu kubwa ingekuwa kutengeneza joto. Kumbe tabu ni kuliondoa.

Ukipita Olkaria utaona moshi mweupe ukipanda juu ya mitambo ya mvuke. Huo ni mvuke wa minara ya kupoza. Kila mtambo unaogeuza joto kuwa umeme lazima uwe na mahali pa kutupa joto lililobaki, na duniani tuna hewa, mito na bahari. Matatu ina rejeta na feni. Angani hakuna hewa, hakuna maji. Setilaiti imo ndani ya chupa ya chai. Kile kinachofanya chai ya asubuhi ibaki moto hadi saa kumi ni ombwe lililo kati ya kuta mbili za chupa, na kinu cha angani kimezungukwa na ombwe upande wote. Joto lina njia moja tu ya kutoka, nayo ni kumulika, kama makaa yanavyokuchoma uso bila kukugusa.

Bahati nzuri, kumulika huko hukua haraka. Ukiongeza joto la bati la kupozea mara mbili, ukihesabu kutoka sifuri halisi ya joto, linatupa joto mara 16. Kwa hiyo wahandisi huliacha bati liwe moto sana ili liwe dogo. Lakini umeme unatokana na tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi, na ukiuacha upande wa baridi uwe moto, umeme unapungua. Ukitaka umeme zaidi, bati linakuwa kubwa na zito na roketi inalalamika. SNAP-10A ilizalisha zaidi ya kilowati 30 za joto ili ipate kama wati 500 za umeme. Chini ya mbili kwa kila mia. Duniani mtambo kama huo ungefungwa wiki ya kwanza.

Tatizo la pili lilikuwa mionzi. Kinu kikiwaka hutoa nyutroni na miali inayoweza kuua vyombo vya kompyuta, na kuua watu kama wapo. Duniani unakizungushia zege mita kadhaa. Angani zege halipandi. Basi wahandisi wakakiweka kinu kwenye ncha, na nyuma yake ngao moja ya haidraidi ya lithiamu, inayotupa kivuli. Vyombo vyote hukaa ndani ya kivuli hicho. Kwingine kote mionzi iende zake, hakuna mtu huko.

La tatu, hakuna fundi. Kitu kikikwama juu, kimekwama. Kwa hiyo waliondoa karibu kila kinachosogea. Mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, metali iliyo maji maji, ulibeba joto kutoka kwenye vijiti 37 vya urani, ukisukumwa na sumaku na umeme bila pampu yenye panga. Urani yenyewe ilichanganywa na zirkoniamu na haidrojeni kwa namna ambayo kinu kikipata joto kupita kiasi, kazi inapungua yenyewe. Udaku ukizidi, watu wanachoka.

Kiliwaka kikiwa kwenye mzunguko wa kilomita 1,300 hivi juu ya dunia. Kilifanya kazi siku 43. Kisha, tarehe 16 Mei, kilizimika. Chanzo si kinu. Kifaa cha kudhibiti volti kwenye chombo kilichokibeba kiliharibika, na kinu kikapokea amri ya kujizima. Yeyote aliyewahi kupoteza friji kwa sababu ya umeme uliorudi kwa nguvu ataelewa.

Bado kiko juu. Mzunguko ule ulichaguliwa ili kikae maelfu ya miaka kabla ya kurudi, wakati ambapo mionzi yake itakuwa imepungua sana. Huo nao ni uamuzi wa usanifu: kama huna jinsi ya kuuondoa uchafu, uweke mahali ambapo muda utaufanyia kazi. Ni sera ambayo sisi watu wa Nairobi tunaijua. Tofauti ni kwamba wao walipiga hesabu ya miaka.

*

Wasovieti walikuwa na haja nyingine. Walitaka kuziona meli za kivita za Marekani baharini, usiku, mawinguni, wakati wowote. Hilo linahitaji rada. Na rada ina adhabu kali: ukienda mbali mara mbili, mwangwi unaorudi hupungua mara 16. Kwa hiyo setilaiti ilipaswa kuruka chini sana, karibu kilomita 250. Huko chini bado kuna hewa nyembamba, na paneli pana za sola zingekuwa kama tanga, zikiivuta setilaiti irudi. Rada inakula umeme mwingi, paneli haziwezekani. Wakaweka kinu. Kiliitwa Buk, kilitoa kama kilowati 3 za umeme, na kilibeba karibu kilo 30 za urani iliyorutubishwa sana. Kuanzia 1970 hadi 1988 walirusha vinu hivyo zaidi ya 30.

Ukisoma haya pamoja na SNAP-10A, unaona tofauti iliyonikaa moyoni. Kinu cha Marekani kiliwekwa juu, mbali na hewa. Cha Kisovieti kiliwekwa chini kwa makusudi, pale ambapo kila kitu huanguka baada ya muda mfupi. Usalama wake wote ulitegemea hatua moja ya mwisho: kazi ikiisha, roketi ndogo ikiondoe kinu na kukisukuma hadi kilomita 900 na ushei. Hatua hiyo ikikataa, kinarudi. Na kinarudi kikiwa kimeshawaka, kimejaa uchafu wake.

Tarehe 18 Septemba 1977 walirusha Kosmos 954. Ilipoteza udhibiti. Tarehe 24 Januari 1978 iliingia hewani na kupasukia juu ya kaskazini mwa Kanada, ikimwaga vipande kwenye mstari wa mamia ya kilomita kuanzia Ziwa Great Slave kuelekea mashariki. Ilikuwa katikati ya baridi ya kule, ziwa limeganda. Ndege za Kanada na Marekani zilianza kupekua eneo la kilomita za mraba 124,000 zikiwa na vifaa vya kupima mionzi. Kipande kimojawapo cha mwanzo kilionwa na vijana waliokuwa wakiishi kambini kando ya mto Thelon msimu ule. Walipita tu, wakaona chuma kimezama kwenye barafu, wakakikaribia.

Ramani za magazeti zilionyesha eneo lile kama tupu. Halikuwa tupu. Ni nchi ya Wadene na Wainuit, watu walioishi kwa kuwinda karibuu, wanyama wanaozunguka nchi yote wakila kuvu la mawe na udongo. Mtu wa hapo hakuhitaji shahada kuuliza chembe zile zitaishia wapi.

Kanada ilipeleka bili. Naipenda bili hiyo kwa usahihi wake: dola za Kanada 6,041,174 na senti 70. Ilitegemea mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi inayorusha chombo inawajibika kwa hasara kitakayoileta kikianguka duniani. Mwaka 1981 Wasovieti walikubali kulipa milioni 3. Nilipomweleza Mama, alicheka. “Nusu. Na nadhani walishukuriwa.”

Baada ya hapo Wasovieti walibadilisha muundo. Wakaongeza njia ya kukitenganisha kiini cha urani na kinu kizima, ili kikirudi kiungue kabisa kiwe vumbi. Yaani walirudi kwenye wazo lile lile la Wamarekani la kabla ya 1964. Mwaka 1983 lilijaribiwa kwa lazima. Kosmos 1402 ilishindwa kupanda. Mwili wake uliangukia Bahari Hindi mwezi wa Januari, na kiini cha kinu kikaingia hewani juu ya Atlantiki ya Kusini mwezi wa Februari. Bahari yetu tena. Sasa nilikuwa nimeacha kushangaa.

*

Kuna kitu kimoja Mama alikiona kwa macho yake, na hicho hatukuhitaji intaneti.

Alikuwa na miaka sita, 1970. Babu alikuwa mvuvi, na siku hiyo hakwenda baharini kwa sababu wote waliambiwa wasiende. Walisimama ufuoni na watoto wa jirani, wakatazama upande wa Ngomeni. Kisha mstari mweupe ukapanda kutoka baharini, na mlio ukaja baadaye, wakati mstari umeshapinda. Ilikuwa tarehe 12 Desemba, sikukuu ya uhuru. Roketi iliyopaa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano majini, ilibeba setilaiti ya Marekani ya kutazama miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo waliipa jina Uhuru. Iliendeshwa kwa paneli za sola, na ndiyo iliyochora ramani ya kwanza ya mbingu nzima kwa miali hiyo.

Setilaiti kama Uhuru zilifungua njia kwa nyingine za kutazama miali mikali zaidi. Moja iliitwa Solar Maximum Mission, ya 1980, ya kuchunguza jua. Wanasayansi wake wakaanza kuona mimweko ya ajabu ya miali ya gama ambayo haikutoka kwenye jua wala kwenye nyota yoyote. Ilikuwa inatoka kwenye vinu vya Kisovieti vilivyopita karibu. Ngao zao za kivuli zililinda vyombo vyao wenyewe tu, na upande mwingine wote mionzi ilikwenda zake, kama nilivyosema. Habari hiyo ilichapishwa wazi mwaka 1989 tu. “Hakuna mtu huko” ilikuwa imekoma kuwa kweli. Kulikuwa na jicho.

Vinu vile pia viliacha matone ya sodiamu na potasiamu. Kiini kilipotenganishwa, mabomba yalibaki wazi na metali ile ikamwagika angani ikawa vidonge. Bado vinazunguka karibu na kilomita 900, pale palipochaguliwa kuwa makaburi salama.

Tarehe 14 Desemba 1992, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni kuhusu nishati ya nyuklia angani. Kinu kisiwashwe kabla ya kufika mahali pake pa kazi. Kitumie urani-235 peke yake. Kikiwa katika mzunguko wa chini, lazima baadaye kihifadhiwe juu vya kutosha. Tathmini ya usalama ifanywe na itangazwe kabla ya kurusha. Na chombo kikiharibika kiasi cha kutishia kurudi, nchi husika iwajulishe wengine mapema. Kanuni hizi si sheria zenye polisi. Lakini nilipozisoma nilimwona Mama mle ndani. Walimwambia nani? Imewachukua miaka 28 kuliandika swali lake kwa lugha ya wanasheria.

*

Baada ya hapo kulikuwa na miaka mingi ya michoro. Marekani ilitumia zaidi ya miaka kumi kwenye SP-100, kinu cha kilowati 100, kikafutwa miaka ya 90 bila kupaa. Mradi mwingine wa kwenda kwenye miezi ya sayari ya Mshtarii ulifutwa 2005. Kila mradi ulianza mkubwa, ukanenepa, ukafa.

Kisha watu wachache wakajaribu kinyume chake. Walitengeneza kitu kidogo kabisa. Kiliitwa KRUSTY, na kilijaribiwa jangwani Nevada kati ya Novemba 2017 na Machi 2018, kwa gharama ya chini ya dola milioni 20. Kiini chake ni donge moja la urani na molibdenamu, kilo 30 hivi, ukubwa wa roli ya karatasi za jikoni. Mabomba yaliyofungwa yenye sodiamu ndani yanabeba joto bila pampu yoyote: sodiamu inachemka upande mmoja, inaganda matone upande wa pili, inarudi yenyewe. Injini za Stirling zinageuza joto kuwa umeme.

Ninachokipenda ni jaribio lenyewe. Machi 20 walikiwasha, kikafika nyuzi 800, wakakiendesha saa 28, na katika saa hizo walikichokoza. Walipunguza kupoza, wakaongeza, wakajifanya injini zimekufa. Kinu hakikusubiri mtu akidhibiti. Donge likipata joto lilitanuka kidogo, nyutroni zaidi zikapotelea nje, kazi ikapungua. Likipoa, likasinyaa, kazi ikarudi. Kinu kilijituliza chenyewe. Hii ndiyo aina ya usalama ninayoweza kumweleza Mama kwa simu: hautegemei roketi ndogo ya mwisho ikubali kuwaka.

Haja nayo ipo kweli. Usiku wa mwezini ni wa karibu wiki mbili za huku, na paneli haina la kufanya gizani. Kwenye Mshtarii jua ni hafifu mara 27 kuliko hapa. Mwaka 2022 Marekani ilitoa kandarasi tatu za kuchora kinu cha kilowati 40 cha mwezini. Mwaka 2025 ikasema sasa inataka 100, kiwe tayari kurushwa kufikia 2030. China na Urusi wana mpango wao. Mashindano yamerudi, na nimesoma historia ya kutosha kujua haraka hufanya nini kwa hatua ile ya mwisho.

Mwaka 2024 wenyeji wa Uyombo, saa chache tu kutoka kwa Mama, waliandamana kupinga kinu cha umeme ambacho serikali ilitaka kukijenga kwao. Watu wengi mtandaoni waliwaita waoga, washamba, maadui wa maendeleo. Mimi nataka stima. Nimekaa gizani Umoja vya kutosha. Naamini hata kwamba vinu vizuri vinawezekana, na nimeeleza hapa kwa nini. Lakini kila hatua nzuri niliyoisoma, kurusha baridi, kuhimili kurudi, kutangaza mapema, ilikuja baada ya kitu kuangukia mahali ambapo mtu alisema ni patupu. Wanaouliza mapema si waoga. Wanafanya kazi ambayo isipofanywa na wao hufanywa na ajali.

Nilimsomea Mama sehemu ya KRUSTY jioni moja. Alikuwa nje na taa yake ya sola, nilisikia mawimbi. Aliniuliza ikiwa hicho cha mwezini kitapita juu ya bahari yetu. Nikamwambia inategemea kitarushiwa wapi, lakini huenda kikapita.

“Basi ukisikia siku, nambie,” akasema. “Ile ya Ngomeni tuliambiwa. Babu yako alikosa samaki siku hiyo, lakini tuliambiwa, tukasimama tukatazama.”